Somo: Kuchora ramani ya kilindi cha Pemba kwa data ya bure, bila kujidanganya

Wakuu, niliahidi somo hili nikachelewa, mniwie radhi. Tutachora sakafu ya bahari kati ya Tanga na Pemba, inayozama hadi karibu mita 800. Miteremko ya ukanda huu ndiyo makazi ya silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za kale hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania alianza kunaswa kwenye majarife mwaka 2003, na 2009 ikapatikana Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ile miteremko imepata bahati. Mingi haina samaki maarufu wa kuitetea, ina sifongo na matumbawe ya maji baridi tu.

Unahitaji kompyuta ya kawaida, programu ya kuchora ramani ya QGIS (ni bure) na bando.

Hatua ya 1: Pakua. Nenda GEBCO, mradi wa ramani za bahari ulioanza mwaka 1903. Chagua longitudo 38.8 hadi 40.2, latitudo -4.4 hadi -6.0. Chukua mafaili mawili: la kina, na lile liitwalo TID, linaloonyesha kina cha kila sehemu kilijulikanaje. Wengi huliacha la pili, na nusu ya somo limo humo.

Hatua ya 2: Badili makadirio ya ramani (projection, yaani namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye karatasi). Data inakuja na mahali kwa digrii, kina kwa mita. Ukikokotoa mteremko hivyo hivyo, programu inadhani digrii moja ni mita moja, na bahari yote inageuka ukuta. Mimi nilishangilia siku mbili "magenge" niliyoyagundua, nikawapigia watu simu, hadi mwenzangu akaniuliza kwa upole kama nimebadili makadirio. Tumia UTM kanda ya 37 Kusini (EPSG:32737).

Hatua ya 3: Mteremko na TPI. Vyote vipo kwenye menyu ya rasta. TPI hulinganisha kina cha pikseli (kimraba kimoja cha ramani) na wastani wa majirani wake wanane: chanya ni ukingo au kilima, hasi ni bonde. Tunatafuta kingo kwa sababu sifongo na matumbawe hayatembei kutafuta riziki. Hungoja mkondo uwaletee chembe za chakula, hivyo hushika mwamba pale maji yanapopita kwa kasi na tope halipati nafasi ya kutua.

Hatua ya 4: TID. Hapa ndipo ramani nyingi nzuri zinapoaibika. Kila pikseli ina namba inayosema kina kilijulikanaje. 11 ni sona (kipima kina kwa mwangwi wa sauti) ya miale mingi, 10 ni sona ya mwale mmoja. 40 maana yake kina kimekisiwa kwa kufuata vipimo vya setilaiti: mlima wa chini ya bahari una uzito, uzito unavuta maji, na uso wa bahari unavimba kidogo juu yake. Mlima mkubwa utaonekana kwa njia hiyo, lakini mwamba mdogo hauonekani kamwe. 41 ni ukisiaji wa kompyuta wa kujaza pengo.

Paka rangi ya kijivu kote kwenye 40 na 41. Ramani itapoteza uzuri wake wote, nawe utaona kwamba sehemu nyingi ulizodhani ni tambarare hazijapimwa tu. Dunia nzima, hadi katikati ya 2025, sakafu iliyopimwa ilikuwa asilimia 27.3.

Hatua ya 5: Ongeza ushahidi. Hazina ya OBIS ina kumbukumbu za viumbe, bure. Futa nukta zilizoangukia nchi kavu, hazikosekani. Kisha nenda kwa wavuvi, uliza jarife huchanika wapi, na wapi nyavu hupanda na "vijiti" vigumu, huenda ni matumbawe.

Hatua ya 6: Chora mpaka wa maeneo unayodhani yana sifongo na matumbawe, ya kukingwa na nyavu. Ongeza pikseli mbili au tatu kila upande, maana nyavu husukumwa na mkondo. Andika "haijathibitishwa" mpaka kamera ishushwe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mtwara:* Mkuu, pikseli ni kama mita 450. Pango la silikanti litaonekanaje?
*Jibu:* Halionekani. Ramani hii inakuonyesha pa kushusha kamera, basi.

*Mwanachama, Wete:* Shikamoo mwalimu. Babu alipima kina kwa bildi (kamba yenye chubwi), vipimo tunavyo daftarini. Vinafaa?
*Jibu:* Marahaba. Vinafaa sana majini pafupi. Kwenye kilindi mkondo huikunja kamba ukapata kina kikubwa kuliko halisi. Kama chubwi lilipakwa mafuta mazito, angalia aliandika lilirudi na nini: mchanga, tope au tupu. Likirudi tupu, huenda ni mwamba.

*Mwanachama, Muscat:* Pakiharibika si patarudi?
*Jibu:* Kuna vilima vya matumbawe viitwavyo Darwin Mounds, kaskazini-magharibi mwa Scotland, kina cha kama mita 1,000. Viligunduliwa 1998 vikiwa tayari na makovu ya nyavu za kukokota, vikafungwa 2003. Kamera ziliporudi 2011, upande uliovunjwa ulikuwa bado haujaota matumbawe mapya. Na Hawaii kuna matumbawe meusi yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000.

*Mwanachama, Mombasa:* Nje ya maji ya nchi, nani anazuia?
*Jibu:* Azimio 61/105 la Umoja wa Mataifa la 2006 lilizitaka nchi na taasisi za uvuvi zilinde maeneo haya. Kaskazini-magharibi mwa Atlantiki, chombo kikivuta kilo 60 za matumbawe hai au 300 za sifongo lazima kihame maili 2 za baharini. Siipendi kanuni hiyo peke yake, kwani wavu unakuwa ndio kipimo, na ukishapanda umeshavunja. Kusini mwa Bahari ya Hindi walipiga marufuku kwanza nyavu za kukokota katika maeneo matano, mwaka 2018, ukiwemo mlima wa chini ya bahari wa Atlantis Bank. Hapo naona akili.

*Mwanachama, Tanga:* Nikimaliza niiweke hapa?
*Jibu:* Weka mteremko na TPI. Nukta walizokupa wavuvi usiziweke, ni siri yao ya kazi. Zipeleke kwanza BMU yenu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe) na ofisi ya hifadhi, wao wenyewe wakiridhia. Na ukituma, ambatisha faili la TID.