Laptopu imekuja na Windows 11 na wewe wataka 10? Fanya hivi

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mombasa, pande za Mwembe Tayari, na swali linalokuja sana siku hizi ni hili: fundi, nimenunua laptopu mpya ina Windows 11, programu ya duka imekataa, printa ya ofisi imekataa, waeza kunirudishia 10? Yawezekana, na hata wewe waeza kufanya mwenyewe nyumbani. Kuinstoli kwenyewe ni kama nusu saa tu. Kazi ni maandalizi, manake wanaopoteza picha za watoto na hesabu za duka ni wale waliokimbilia hio nusu saa.

Kwanza ujue Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo kama shida yako ni ile menyu imehamia katikati, tafadhali iwache 11, ingia seting za taskbar uirudishe kushoto na maisha yaendelee. Na kama laptopu ilikuja na 10 ukaipandisha mwenyewe juzi juzi, huna haja ya haya yote, ingia Settings, System, Recovery, ubonyeze Go back, lakini ni ndani ya siku 10, zikipita hio nafasi inafutika. Mwongozo huu ni wa mashine iliyotoka dukani na 11 ndani.

Jambo lingine, na hili nalisema kwa wale wenye ofisi za clearing na maduka ya zamani. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, ile aina ya kisasa. Windows 10 ilikuwa na ya 32 pia, na zile programu za kale kabisa za enzi za DOS, za biti 16, hufanya kazi kwa hio ya 32 tu. Sasa laptopu mpya nyingi haziwaki na Windows ya biti 32, hata ufanyeje, kwa hivyo ukiweka 10 ya biti 64 programu yako itakataa vile vile na utakuwa umefuta mashine bure. Tafuta desktop ya zamani uweke 10 ya biti 32 na hio programu hapo.

Hatua ya 1, bekapu. Kopi Desktop, Documents, Downloads na picha kwa hard disk ya nje. Programu ya duka usikopi folda tu, ingia ndani ya programu yenyewe utoe bekapu kwa menyu yake, manake data yake mara nyingi imejificha pahali usipopaona. Halafu chomeka hio hard disk kwa kompyuta nyingine ufungue faili kadhaa uone zafunguka kweli.

Hatua ya 2, ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows la disk. Laptopu nyingi za 11 hujifunga disk zenyewe ukishaingia na akaunti ya Microsoft, na ukigusa BIOS (seting za msingi za mashine) kidogo yaweza kukuuliza namba ya tarakimu 48. Ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu uitafute, uiandike kwa karatasi.

Hatua ya 3, draiva, zile programu ndogo za kuiwezesha Windows kuongea na vifaa, na hapa nataka utulie. Angalia modeli kamili chini ya laptopu, nenda tovuti ya HP, Dell, Lenovo ama yeyote aliyeitengeneza, tafuta draiva za Windows 10. Usipoona hata moja ya 10, simama hapo hapo, hio mashine haikutengenezewa 10. Ukiziona, pakua ya Wi-Fi, na kama prosesa ni Intel ya kizazi cha 11 kuendelea pakua na ya storage, ile inaitwa Intel RST ama VMD. Bila hio utafika pale pa kuchagua disk ukute ukurasa mweupe, hakuna disk hata moja, na wengi hapo hudhani disk imekufa. Haijafa. Windows 10 haiioni tu. Hio draiva isiwe .exe (faili moja ya kuinstoli), iwe imefunguliwa, folda ndani yake waona faili kama iaStorVD.inf. Pale kwenye ukurasa mtupu bonyeza Load driver, onyesha hio folda, na disk itajitokeza.

Hatua ya 4, flashi ya kuinstolia, ya GB 8 ama zaidi, yoyote nzuri. Zile za terabaiti mbili za bei ya kutupa zinazouzwa barabarani usinunue, ni feki. Pakua Media Creation Tool ya Windows 10 kutoka Microsoft, chagua USB, iwache imalize (itafuta kila kitu kwa flashi), kisha ndo uweke ile folda ya draiva. Kama bando ni kidogo nenda saiba, faili ni GB kadhaa.

Hatua ya 5. Chomeka chaja, stima zetu mwazijua, na kama ni desktop tumia UPS. Chomoa hard disk ya bekapu! Washa huku ukibonyeza F9 kwa HP, F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, chagua flashi. Secure Boot iwache, si lazima kuizima. Ikikuuliza ufunguo wa Windows (product key, si ule wa BitLocker) sema huna, uchague toleo lile lile lililokuwemo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ukikosea hapo haitajiaktiveti. Na kwa masharti ya Microsoft haki ya kurudi toleo la nyuma iko kwa Pro, kwa hivyo mashine za ofisi nunueni Pro tangu mwanzo. Chagua Custom, futa partisheni (vile vipande disk ilivyogawanywa) zote za Drive 0, na kama kuna disk ya pili yenye vitu vyako usiiguse, bonyeza Next. Ikijizima kujiwasha mara ya kwanza toa flashi, la sivyo yaanza upya.

Hatua ya 6. Wi-Fi ikikosekana weka ile draiva, ama unganisha simu ya Android kwa waya wa USB ugawe intaneti, Windows 10 huitambua yenyewe. Endesha Windows Update mpaka iishe, angalia Activation uone leseni imekubali. Mwisho, usiruke hili, hapo hapo kwenye Windows Update tafuta Enroll now ujisajili na ESU, mpango wa nyongeza wa Microsoft, inakupa masasisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, yataka toleo la 22H2 (la mwisho la Windows 10) na akaunti ya Microsoft, na ukikubali kuhifadhi seting zako kwa akaunti hio hulipi kitu. Ukishaona umesajiliwa, rudisha faili, chomeka printa uchapishe karatasi moja.