Kumtembelea ndugu aliye gerezani Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini: mambo ya kupanga kabla ya kupanda basi

Kabla ya kuuliza nauli, uliza kwanza kama ndugu yako ni mahabusu au ni mfungwa. Mitaani tunayachanganya maneno hayo mawili, lakini ndiyo yanayoamua siku utakayopokelewa, vitu utakavyoruhusiwa kumpelekea na hata nguo utakayomkuta nayo. Mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa: ama kosa aliloshtakiwa nalo halina dhamana, ama dhamana ipo lakini ameshindwa kutimiza masharti yake. Katiba ya nchi, katika Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu wa namna hiyo kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa na anatumikia adhabu. Wote wawili wanaweza kuwa ndani ya ukuta mmoja, kama ilivyo katika Gereza la Ruanda jijini Mbeya, na kwa sababu hiyo ukifika getini ukasema tu kwamba umekuja kumwona fulani, swali la kwanza utakaloulizwa na askari litakuwa hilo hilo.

Aliyekamatwa jana au juzi huenda hajafika gerezani kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, na katika kipindi hicho yuko kituo cha polisi, ambako wa kuombwa ruhusa ni mkuu wa kituo na wala si bwana jela. Mahakama ikiagiza arudishwe rumande, ndipo hupakiwa kwenye karandinga na kupelekwa gerezani jioni ya siku hiyo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 njia ni nyingine. Mbeya kuna mahabusu ya watoto, yaani mahali wanapowekwa watoto ambao kesi zao hazijaamuliwa, na kuna pia Shule ya Maadilisho ya Irambo kwa waliokwisha kupewa amri na mahakama, na zote mbili ziko chini ya Ustawi wa Jamii, si Jeshi la Magereza. Mzazi anayemtafuta mwanawe aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Andika jina kamili la ndugu yako kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, namba ya kesi na jina la mahakama. Nalisisitiza hili kwa sababu lilinipata mwenyewe. Nilikwenda kumwona mjomba ambaye kijijini kote anaitwa kwa jina la baba yake, nikalitaja jina hilo getini kwa kujiamini kabisa. Askari akashusha kidole chake taratibu kwenye kurasa mbili, akageuza ya tatu, akatikisa kichwa. Ilinichukua karibu saa nzima na simu mbili za kuomba msaada nyumbani kukumbuka kwamba polisi walimwandika kwa jina lake la ubatizo, tena lenye herufi «r» mahali ambapo sisi tunaandika «l». Ukiwa na namba ya kesi, karani wa mahakama anaweza kukusaidia kujua jina lililoandikwa, tarehe ijayo ya kesi na gereza alikopelekwa.

Kwa mfungwa kuna jambo jingine la kuthibitisha: hakuna uhakika kwamba bado yuko gereza alikopokelewa. Waliohukumiwa huhamishwa kufuatana na urefu wa kifungo, nafasi na mahitaji ya kazi. Anayepokelewa Ruanda anaweza baadaye kuwa Gereza la Songwe, ambalo ni la kilimo, na familia ya Iringa mjini inaweza kusikia kwamba mtu wao amepelekwa Isupilo, wilayani Mufindi. Basi la Iringa hadi Mbeya hula zaidi ya kilomita 300 za barabara, na si safari ya kufanya kwa kubahatisha. Kama huna namba ya simu ya gereza, nenda gereza lililo karibu nawe au ofisi ya mkuu wa magereza wa mkoa, ueleze shida yako kwa adabu.

Kuhusu siku, magereza mengi huwapokea ndugu mwishoni mwa juma na siku za sikukuu, na sababu yake inaeleweka ukikumbuka maisha ya gereza yalivyo. Siku za kazi wafungwa huamkia shambani, kwenye mifugo au kwenye ujenzi, na mahabusu wenye kesi huwa wamepelekwa mahakamani. Hata hivyo kila kituo kina utaratibu wake, na mkuu wa gereza anaweza kuubadili, kwa mfano kunapozuka ugonjwa wa kuambukiza. Njia ya uhakika ni kuuliza getini, au kumuuliza mtu mwingine mwenye ndugu katika gereza hilo hilo. Jamaa yangu anayeishi Marekani aliwahi kuniuliza kwa mshangao kama nimeweka miadi, kwani kule jela nyingi za kaunti hutaka mgeni ajiandikishe mapema kwa intaneti, na nyingine humwonyesha ndugu yake kwenye skrini tu. Huku kwetu ratiba ni foleni ya getini. Anayefika saa mbili asubuhi anaonana na ndugu yake kabla ya mchana, na anayefika saa nane anaweza kuambiwa muda umekwisha. Kwa hiyo anayetoka Kyela, Ludewa au Makete ni heri alale mjini usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Mahabusu ana kalenda ya pili, nayo ni ya mahakama. Kesi ambayo upelelezi wake haujakamilika hutajwa kila baada ya siku 14 au karibu na hapo, na siku hiyo ukienda gerezani hutamkuta. Wapo wanaoitumia siku ya kutajwa kama siku ya kuonana naye, wakikaa kwenye benchi la mahakama ili angalau awaone nyuso. Si vibaya, ila kuzungumza naye pale hutegemea askari wanaomlinda, na siku hizi baadhi ya kesi hutajwa kwa njia ya video, yaani mshtakiwa habanduki gerezani na nyinyi mliosafiri mnaiona sura yake kwenye televisheni ya mahakama.

Chukua kitambulisho. Cha NIDA kinatosha, na asiye nacho abebe kadi ya mpigakura, leseni ya udereva au barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye mhuri, inayotaja uhusiano wake na anayekwenda kumwona. Msiende ukoo mzima. Watu wawili au watatu wanatosha, na mkubaliane nyumbani nani ataingia iwapo mtaambiwa aingie mmoja, kwa sababu nimeona wake wenza wakibishana mbele ya geti hadi zamu yao ikapita. Vaa nguo za heshima, na usivae kabisa nguo yenye mabakabaka ya kijeshi, ambayo hata mitaani raia haruhusiwi kuivaa.

Getini utaandikwa, utaacha simu na mkoba, kisha utapekuliwa. Mwanamke hupekuliwa na askari wa kike. Kanuni za Nelson Mandela, za namna ya kuwatendea walio magerezani, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema katika Kanuni ya 60 kwamba mgeni anaweza kukataa kupekuliwa wakati wowote, ila akikataa uongozi nao una haki ya kumzuia kuingia, na kwamba upekuzi wa ndani ya mwili uepukwe kwa wageni na usifanywe kamwe kwa watoto. Kupiga picha eneo la gereza ni marufuku, na kuingiza kitu kwa kificho, hata kama ni sigara chache, ni kosa linaloweza kukuacha nawe ndani.

Suala la chakula ndilo linalowaumiza watu wengi. Kwa mahabusu, Kanuni ya 114 ya zile za Mandela inatambua kwamba anaweza kuletewa chakula na familia yake, na ndiyo maana utaona vyombo vingi kwenye foleni yao. Mfungwa hula chakula cha gereza na huvaa sare, kwa hiyo usimpikie kabla hujauliza. Chakula kinachokubaliwa lazima kikaguliwe, na ukaguzi wenyewe unahitaji moyo. Siku moja mbele yangu alikuwapo mama wa makamo aliyetoka Tukuyu alfajiri, amebeba hotipoti ya ndizi na maharage iliyofungwa kwenye kitenge. Askari wa kike alifunua, akaomba kijiko, akayakoroga maharage hadi chini, akakata ndizi moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa sauti ya chini, «Shikamoo mama, naomba uonje.» Mama akaonja, akameza, akasubiri. Maandazi yake yakavunjwa vipande, mche wa sabuni ukakatwa katikati kwa kisu, na chupa ya kioo ya asali ikabaki kwenye meza hadi alipotoka. Yule mama alikuwa amechukia, na ungeona jinsi alivyokuwa akizifunika upya zile ndizi zilizokatwakatwa kana kwamba zinaweza kuungana. Tangu siku hiyo mimi hupika chakula kisichoharibika kwa kukorogwa, hukitia kwenye chombo cha plastiki, na sabuni huikata mwenyewe nyumbani.

Baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi si ya mzaha, na sweta au soksi nzito kwa mahabusu humsaidia kuliko chakula cha siku moja. Uliza rangi na aina inayokubalika. Pesa usimpe mkononi: ulizia utaratibu wa kuiandikisha kwa jina lake, na usiondoke kabla hujaona imeandikwa. Dawa nazo zipitie zahanati ya gereza. Kama alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu, peleka kadi yake ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) au nakala ya kadi ya kliniki katika ziara ya kwanza kabisa, umkabidhi mhudumu wa afya wa gereza, kwa sababu dozi inayokatika wiki mbili ina madhara ambayo hayasubiri tarehe ya kesi.

Sasa mazungumzo. Mnapewa dakika chache, mara nyingi mkiwa mmetenganishwa na wavu au ukuta mfupi, huku wageni wengine wakipaza sauti pande zote, na askari amesimama mahali anapowasikia. Zungumzeni Kiswahili. Bibi aliyezoea Kinyakyusa, Kihehe au Kisafwa peke yake afuatane na mtu wa kumtafsiria, kwa maana askari asiyeelewa kinachosemwa anaweza kuyasimamisha mazungumzo. Anayeruhusiwa kuzungumza bila kusikilizwa ni wakili, ambaye Kanuni ya 61 ya Mandela inataka aonekane na askari lakini asisikike. Kwa hiyo usimuulize ndugu yako getini kama kweli alitenda au hakutenda. Swali hilo mwachie wakili.

Andika kichwani, au kwenye kipande cha karatasi kama kinaruhusiwa, mambo matatu: afya yake, hatua ya kesi, na jambo la nyumbani linalohitaji uamuzi wake. Anza na kesi. Kwa aliyehukumiwa karibuni na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati yenyewe ya rufaa ndani ya siku 45, na mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Kwa hukumu ya mahakama ya mwanzo, rufaa huenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Familia nyingi husubiri kwanza machozi yakauke, halafu zikaanza kutafuta nakala ya hukumu katika mwezi wa tatu tangu itolewe, wakati ambapo sasa zinapaswa kuomba kuongezewa muda. Ikiwa ziara ya kwanza inaangukia ndani ya zile siku 10, mambo ya ng'ombe na shamba la mahindi yangoje. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawahusu pia walio magerezani.

Watoto wapelekwe kama wanataka na kama wameelezwa watakachokiona. Mtoto wa miaka sita aliyeambiwa kwamba baba yuko safarini asikutanishwe na baba huyo nyuma ya wavu bila maneno ya kumwandaa.

Kumwona ndugu hakulipiwi. Askari akikutaka utoe chochote ili upewe nafasi, omba kwa utulivu kumwona mkuu wa zamu au mkuu wa gereza, na ukishindwa hapo piga TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haina malipo. Usigombane getini, maana anayebaki ndani baada yako ni ndugu yako.

Ukitoka, dai kitambulisho na simu yako, uhesabu vyombo vyako, kisha papo hapo kabla ya kupanda bodaboda uandike namba yake ya gerezani, tarehe ijayo ya kesi, jina la mahakama na kitu kimoja alichokuomba, ili atakayekuja safari ijayo, hata kama si wewe, asianze tena kwa kutafuta jina kwenye kitabu.