Nyumba ya Sungura yenye taa, kwa mawe ya Goma

Hii ni nyumba ndogo ya mfano. Kwa kipimo cha 1:12 (mara 12 ndogo kuliko halisi), mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 17 hivi. Kata kuta kwenye kartoni nene. Ndani paka rangi nyeusi kwanza, kisha rangi ya chumba; la sivyo mwanga hupenya ukuta. Nje bandika vipande vyepesi vya mawe ya volkano ya Goma, vile vyenye matundu. Mazito hung'oka.

Chukua ledi (taa ndogo za LED) nyeupe 3, kila moja na rezista yake (kifaa cha kupunguza mkondo) ya omu 150, uziunge sambamba, yaani kila moja na njia yake, kwenye waya wa USB wa volti 5. Mguu mrefu wa ledi ni chanya. Zikichangia rezista moja, hazing'ai sawa. Pawabenki nyingi hujizima, mkondo ukiwa mdogo mno kama huu. Umeme ukikatika, betri 3 za AA zinatosha. Jaribu kabla ya kubandika paa.