Forester ya turbo inakula mafuta? Pima kwanza, spana baadaye

Injini ya Subaru ya EJ20 yenye turbo, ile ya Forester XT na Impreza WRX zinazotoka Japani, haitakunywa kama Vitz hata uifanyeje. Anayekuahidi hivyo ana kitu anataka kukuuzia. Gari likiwa zima, tegemea kilomita 6 hadi 8 kwa lita kwenye foleni za mjini na 9 hadi 11 safarini. Likishuka chini ya hapo, kuna kitu kimeharibika au mguu wa kulia ni mzito. Ile namba nzuri ya katalogi ya Japani ilipimwa kwa mzunguko wa 10-15: gari juu ya roli, injini imekwisha pata moto, kilomita 4.16 tu, kasi haizidi 70. Humo hamna foleni ya Ubungo wala ya Jogoo Road.

Kupima bila kujidanganya

Mafuta ya elfu mbili leo na elfu moja kesho hayapimiki. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na umwambie muuzaji asiongezee hata tone. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Endesha angalau kilomita 300, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, gari limeelekea upande uleule, ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Kilomita 420 kwa lita 46.8 ni 8.97 kwa lita. Rudia kwa matangi matatu ndipo uamini.

Mita yenyewe inaweza kusema uongo. Forester iliyokuja na tairi za 215/60R16 ukiivalisha 225/45R17, tairi inakuwa ndogo kwa asilimia 4.5. Zile kilomita 420 ni 401 za kweli, na hesabu inashuka hadi 8.6. Linganisha mita na GPS ya simu kwenye barabara ndefu, ujue utapunguza kiasi gani.

Njia nayo ina mteremko wake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo safari ya kushuka Mombasa inampa kila mtu namba ya kujivunia. Kulirudisha juu gari la kilo 1,500 kunadai takriban lita 3 za ziada kwa ajili ya mlima peke yake. Pima kwenda na kurudi, au usipime.

Vitu vinavyoburuta gari

Anza na vya bure. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kisha endesha kama kilomita 10 bila kufunga breki kwa nguvu, simama, na usogeze mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko zenzake, breki ya hapo haiachii: pini za kalipa zimekauka grisi au pistoni ina kutu. Nyanyua gurudumu kwa jeki, gia ikiwa fri na mawe yamezuia mengine, ulizungushe kwa mkono. Kukwaruza kidogo si tatizo. Ikibidi utumie nguvu, umepata mwizi wako.

Kwenye Subaru kuna jambo la ziada ambalo wauza tairi za mitumba hawatakwambia. Magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo tairi zote nne lazima zilingane. Zungushia kila moja futi kamba. Tofauti ya mzingo isizidi milimita 6. Ukinunua tairi moja tu kuziba pengo, mfumo wa kugawa nguvu unateleza muda wote, unachoma mafuta na mwisho unajiharibu wenyewe. Dalili yake ni gari kushikashika ukikata kona kali kwenye maegesho.

Themostati, ugonjwa wa gereji zetu

Hapa ndipo mafuta mengi yanapopotea bila mtu kushtuka. Gari likichemsha mara moja, fundi anatoa themostati na kuitupa, eti "huku kwetu ni joto". Kompyuta inapanga mafuta kwa kusoma joto la maji ya injini. Maji yasipofikia joto la kawaida, hasa safarini upepo unapopiga rejeta, inaendelea kumwaga mafuta kama ya injini inayowashwa asubuhi. Tena kwenye EJ kuna njia ya pembeni ya maji ambayo themostati huifunga ikifunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye foleni gari linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Rudisha themostati halisi inayofunguka kwenye nyuzi 78 hivi, kisha tafuta sababu ya kuchemsha: mfuniko wa rejeta, feni, rejeta iliyoziba, au gasketi ya silinda hedi.

Upande wa hewa na mafuta

Filta ya hewa ibadilishe kwa vumbi la njia zako, si kwa kitabu cha Japani. Zile filta za kupaka oili ziogope: oili ikizidi inarukia sensa ya hewa, ile mafundi wanaiita MAF, na vipimo vyote vinaharibika. Sensa hiyo isafishe kwa dawa yake tu, bila kugusa nyaya kwa kitambaa. Dawa ya kabureta au ya breki inaweza kuiua.

Plagi za boksa, yaani injini kama hii yenye silinda zilizolala ubavu, zinakaa pembeni, mahali pabaya kwa mkono, ndiyo maana nyingi hazijawahi kutolewa tangu gari lishuke melini. Itoe ya kila silinda. Kwa turbo, pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Pengo likipanuka, cheche inazimwa na shinikizo na petroli inatoka haijaungua.

Kama gari linakubali OBD2, ile njia ya kusoma kompyuta ya gari kwa kifaa, kichomeke na uangalie LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza, injini ikiwa na moto. Ndani ya asilimia 5, chanya au hasi, ni nzuri. Ikizidi 10 chanya, kompyuta inaongeza mafuta: tafuta MAF chafu, mpira unaovuta hewa, au pampu iliyochoka. Ikizidi 10 hasi, inayapunguza: angalia nozeli zinazovuja. Sensa ya oksijeni iliyozeeka inaweza kupotosha pande zote mbili. Subaru nyingi za miaka ya 1990 hazielewani na vifaa hivi, zinataka mashine ya Subaru.

Moshi mweusi unapokanyaga, ilhali gari likiwa limesimama linanguruma vizuri? Kagua mipira ya interkula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Hewa imekwisha pimwa, halafu inavujia njiani, lakini mafuta yake yanamwagwa yote. Kosa hilohilo wengi wanalinunua kwa pesa zao: valvu inayopiga "psshh" nje kila unapobadili gia. Ile ya kiwandani inairudisha hewa ndani kwa sababu imeshahesabiwa. Na ekzosi inayolipuka kama baruti ni petroli inayoungulia barabarani. Hapo huna haki ya kulalamika.

Mguu

Turbo ikiwa haishindilii, injini inachoma hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu 1. Ukikanyaga mpaka mwisho inashuka kwenye 11 hivi, yaani theluthi nzima ya ziada kwa hewa ileile, kusudi silinda zisiungue. Basi funga geji ya shinikizo uiangalie: ukiongeza kasi taratibu bila sindano kuvuka sifuri, unaendesha gari la lita 2 la kawaida. Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, ukinzani wa upepo unakaribia kuwa maradufu. Wenye kuogopa tochi za trafiki wanafaidi mara mbili.

Kuteremka Mai Mahiu au Kitonga ukiwa fri ni hatari, na hakuokoi kitu. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, nozeli zinafungwa kabisa. Ukiweka fri, injini inadai mafuta ya kuunguruma, na breki zinabaki peke yao.

Petroli: injini hizi zilitengenezwa kwa ile ya hali ya juu ya Japani, inayouzwa kwa oktani 100. Ya kawaida ya kwetu iko chini ya hapo, na kompyuta ikisikia injini ikigonga inachelewesha cheche, hivyo unapoteza nguvu na kilomita. Jaribu petroli ya bei ya juu kwa matangi matatu, kisha linganisha kilomita kwa shilingi, si kwa lita. Kwa anayeshinda kwenye foleni mara nyingi hailipi. Anayekanyaga aiweke hata isipolipa, ili kulinda pistoni.

Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na chupa za kumimina kwenye tangi ziache dukani. Oili nyepesi ya 0W-20 pia usiiguse, kwa sababu beringi za turbo zinataka utando mzito zaidi. 5W-30 au 5W-40, zaidi kidogo ya lita 4, ukiijaza kwa kuangalia kijiti.