Kabla ya kulipia chumba, panda matatu Jumatatu asubuhi

Wewe unayejiunga na chuo hapa Nairobi na hukupata nafasi ya bweni: usilipe dipoziti ya chumba kabla hujafanya safari ya majaribio. Ni hivi, nenda ulale kwa jamaa au rafiki aliye karibu na hicho chumba, uamke Jumatatu, uwe stejini saa kumi na mbili na nusu, kisha uhesabu dakika hadi mlangoni mwa darasa. Ajenti hukuonyesha nyumba Jumamosi saa sita mchana, barabara ikiwa nyeupe, na anakuapia kwamba mjini ni dakika ishirini. Jumatatu, ukitokea Rongai au Githurai, mitaa iliyo mbali na katikati ya jiji, ni habari nyingine kabisa. Nauli nayo hupanda wakati wa watu wengi, kwa hiyo andika uliyotozwa asubuhi na ya kurudi jioni, uzidishe kwa siku zako za masomo, ujumlishe na kodi. Mara nyingi chumba cha bei nafuu kule mbali hugeuka kuwa ghali kuliko cha Ngara, karibu na katikati ya jiji. (Mimi niligundua hayo nikiwa nimeshalipa miezi miwili.)

Jaribio hili hukudanganya shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu magari ya wanafunzi na ya wazazi hayapo barabarani. Tena halikuonyeshi siku ya mvua, ambapo nauli inaweza kuongezwa maradufu bila aibu. Ukiweza, ukiwa huko fungua mfereji pia, uone kama maji yanatoka.