Ukienda kumpiga picha kasa ufukwe wa Msimbati, Mtwara

Kitu cha kwanza zima flashi, na usiishie hapo, ingia kwenye setingi uzime na ile taa ndogo inayowaka kamera ikitafuta fokasi maana wengi wanaisahau, halafu mwanga wa skrini shusha mpaka chini kabisa. Kasa jike akitoka majini akakuta mwanga au watu wanazungukazunguka anageuza anarudi baharini na mayai yake tumboni. Kwahiyo akiwa anapanda ufukwe au anachimba, wewe kaa kwenye mchanga nyuma yake, mbali, tulia. Akishaanza kutaga huwa anapoa, hapo ndo unasogea taratibu kwa nyuma, na mtu wa hifadhi akikwambia basi ni basi. Picha itakuwa na giza, sasa usiku ulitegemea nini? Pandisha ISO (ile setingi ya kamera kunasa mwanga hafifu), weka stendi, omba mbalamwezi.

Na usiende kiholela, kule ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu 2000, pitia ofisini kwao kwanza. Gari liache juu, najua Msimbati watu wanapenda kukimbiza magari mchangani, ila matairi yanaacha mitaro na kitoto cha kasa kikiingia humo kutoka ni shughuli.

Mayai yanakaa kama miezi miwili hivi. Vitoto vikitoka, mara nyingi usiku, vinafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kawaida ni baharini, sasa wewe ukiwasha tochi vinageukia nchi kavu na huko kuna kaa na kunguru. Wakichelewa mpaka alfajiri una bahati, mwanga mzuri na wa bure, lala kifudifudi pembeni ya njia yao, sio mbele. Hakuna kukiweka kiganjani upate selfi, hakuna kufukua shimo la mayai eti uwahi picha.

Nyangumi wanaopita kuanzia Julai hivi ni hivyohivyo, mwambie nahodha apunguze mashine, asiwakatize mbele wala asiingie kati ya mama na mtoto.

Kabla hujaposti zima lokesheni kwenye picha, na angalia nyuma kusionekane mnazi au nyumba inayotambulika, maana wachimba mayai nao wana simu janja. Andika Mtwara tu inatosha. Mtu akija inboksi anataka pini ya mahali ulipowaona, hata awe mshkaji wako, mwelekeze ofisi ya hifadhi.