Trekta ya zamani yenye kijiko: jinsi ya kuchagua tairi za mbele

Wengi tukishafunga kijiko cha mbele cha kubebea mizigo kwenye hizi Massey Ferguson za zamani, zile zinazovuta nyuma tu, tunahangaika na pampu na mabomba ya hydroliki, tairi za mbele tunaacha zilezile za kulimia. Mimi niliziacha. Zilikuwa 6.00-16 (upana wa tairi na kipenyo cha rimu kwa inchi) za plai 6 (plai ni kipimo cha ugumu wa tairi), siku moja nakata kona kijiko kimejaa mchanga mbichi, tairi ya kushoto ikajikunja ubavu ikatoka kwenye rimu, tyubu ikakatika pale kwenye valvu, na kijana aliyekuwa ananielekeza alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Naomba msome taratibu.

Hatua ya 1, jua uzito kwanza, bei baadaye. Kijiko kinafanya kazi kama mtaimbo na ekseli ya mbele ndiyo jiwe la kuegemea. Tuseme ekseli hadi ekseli ni mita 2, na katikati ya kijiko ni mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Ukibeba kilo 500 ekseli ya mbele haipati 500, inapata 875, maana kilo 375 zimenyanyuliwa kutoka nyuma, na hapo hujaweka injini wala mikono ya kijiko chenyewe ambayo ni chuma kitupu. Kama kuna mizani ya malori karibu jaza kijiko, kishushe karibu na ardhi, kanyaga mizani kwa tairi za mbele tu. Gawa kwa mbili. Hiyo namba iandike kabisa uende nayo dukani.

Hatua ya 2, soma ubavu. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 100 ni 800, 110 ni 1060, 115 ni 1215. Herufi inayofuata ni spidi, A6 ni kilomita 30 kwa saa, A8 ni 40. Muuzaji akikwambia "hii ngumu hii" mwambie akuonyeshe namba.

Hatua ya 3, saizi. Kwa stelingi ya kawaida isiyo na pawa mimi nashauri 7.50-16 ya plai 8 au 10, lakini pima rimu, maana 6.00-16 inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 4.5 na 7.50 inataka 5.5. Kulazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba ndiko kunafanya ubavu ulale ukikata kona. Kama una pawa stelingi, 11L-15 ni nzuri sana kwa mchanga na samadi, ila utanunua na rimu zake za inchi 8, na rimu ikitokeza nje sana beringi zitaumia. Trekta yako kama inavuta na mbele usibadilishe saizi kabisa, mbele na nyuma vinahesabiwa pamoja.

Mistari ya tairi inayozunguka je? Mistari mitatu inatosha, ule wa katikati uliosimama ndio unaoshika udongo trekta ikate kona. Watu wanafunga 7.50-16 za Canter, uzito zinabeba vizuri, uwanjani hakuna shida, ila shambani kwenye tope unazungusha stelingi na trekta inaenda moja kwa moja.

Angalia na umri: namba nne kama 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, ukiona nyufa ndogondogo chini karibu na rimu, iache hata kama mistari bado mipya. Mimi nilishauziwa ya hivyo kwa bei ya kutupa, haikumaliza msimu.

Kabla ya kufunga piga jeki, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, beringi au kingi pini (pini ambazo tairi inageukia) zimekwisha, tengeneza hizo kwanza.

Upepo jaza karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, usizidishe, na usisimame usawa wa tairi linapojazwa. Nyuma weka uzito: funga boksi la zege kwenye mikono mitatu ya nyuma ya kufungia jembe, au jaza maji tairi za nyuma robo tatu, valvu ikiwa juu. Saa moja ya kazi ikipita, kaza nati tena.